Lenzi Niliyoiacha Kabatini

Vijana wangu wa studio, mmeniletea swali moja kwa midomo mingi: safari ya Tsavo ni mwezi ujao, tubebe lenzi zipi? Mmeniuliza mimi kwa kuwa nimestaafu, na mstaafu hudhaniwa ana nafasi. Nafasi ninayo kweli. Nikishamwagilia mchicha wangu asubuhi hapa Likoni, kinachobaki ni kuwasumbua majirani. Basi nitawajibu, ila msitegemee niwatajie lenzi kwa milimita zake kisha ninyamaze. Mtu akikwambia beba hii na hii bila kukuuliza unakwenda kupiga nini, mshukuru kwa adabu na usimfuate. Mimi nitawaeleza nilivyojifunza, na mkimaliza kusoma mtajua wenyewe la kutia mkobani.

Nilianza kazi kwa Bi Zuhura, hapo hapo Magongo, enzi za filamu. Wengi wenu mlimkuta keshakuwa mtu wa kuletewa kiti na kuamkiwa. Mimi nilimkuta na mikono inayonuka dawa za kusafishia picha, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, na ulimi wa kumenyea muhogo. Siku ya kwanza nilivaa vizuri nikidhani nitashikishwa kamera. Nikapewa kitambaa. Kazi yangu, akasema, ni kufuta kabati na kuangalia taa isizimike. Lile kabati la lenzi lilikuwa na balbu ndogo iliyowaka kutwa kucha, maana hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, na lenzi ikikaa gizani huota kuvu ndani ya kioo, na kuvu hiyo ukiipata ndiyo basi. Umeme ukikatika tulizianika lenzi dirishani, nami nikakaa kuzilinda kama anayelinda dagaa wasiliwe na paka. Nilifika nyumbani jioni ile nikiwa na machozi. Mamangu akaniuliza nimefundishwa nini. Nikasema nimefundishwa balbu.

Kazi kubwa ya studio ilikuwa harusi za wanawake. Nyinyi wa huku mnajua, lakini nawaandikia na wenzenu waliotoka bara. Siku ya kupambwa bi harusi, ukumbini hamna mwanamume hata mmoja. Mabuibui yamevuliwa, nywele zimetengenezwa, dhahabu imetoka sandukuni, na kila mmoja amevaa alichokishona kwa ajili ya macho ya wanawake wenziwe tu. Mpiga picha lazima awe mwanamke, anayesafisha filamu awe mwanamke, na bahasha ya picha isipite mkononi mwa mwanamume njiani. Kwa hilo Bi Zuhura aliaminiwa kutoka Kisauni hadi Likoni. Sharti lake lilikuwa fupi: anayepigwa ni bi harusi na waliokubali. Mwingine yeyote asionekane, hata kiwiko.

Kwa hiyo alinifundisha kuondoa. Nilisimama nyuma yake nimeshika taa, naye akininong'oneza: mtoe yule wa kijani, sogea, mtoe na yule anayekula sambusa. Alitumia lenzi ya milimita themanini na tano, ambayo pale studio tuliiita Harusi, kwa kuwa inamvuta bi harusi karibu, inawaacha waalikwa nje, na kilichobaki nyuma yake inakififisha kikawa rangi tupu. Kulikuwa na nyingine pana, ya ishirini na nne, tuliyoiita Skuli. Hiyo ilitoka kabatini kwa picha za darasa zima na za timu za mpira za Changamwe. Bi Zuhura hakuipenda. Alisema ni lenzi isiyojua kuchagua watu.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa Jomvu Kuu. Niliachiwa harusi peke yangu, nikapiga kwa raha zangu, kando zote safi, hakuna bega wala kiwiko. Picha ziliposafishwa Bi Zuhura akazipitia moja moja, akasita kwenye ile iliyokuwa nzuri kuliko zote. Nyuma ya bi harusi palikuwa na kabati la nguo lenye kioo, na ndani ya kioo, mpaka na hereni zake, alikuwamo shangazi mtu anacheka. Hakunigombeza. Alinichukua hadi Jomvu Kuu, tukamwamkia yule shangazi, akaitoa negativu ya picha ile mkobani na kuikata kwa mkasi mbele yake. Shangazi akatuwekea haluwa na kahawa, akasema harusi ya binti yake mdogo ikifika ni yetu, inshallah. Ikawa yetu kweli. Tangu hapo nikawa hatari. Nilikuwa naweza kuingia ukumbi uliofurika hadi mlangoni nikatoka na picha za mtu mmoja, na nilijivuna kwa hilo miaka mingi.

Kisha zikaja simu. Binamu wa bi harusi akawa mpiga picha, na kila aliyekuwa na shida ya pasipoti akapigwa picha huko huko ofisi ya uhamiaji. Tulinunua kamera ya dijitali, moja tu lakini nzuri, tukajifundisha upya kama watoto wa chekechea. Haikusaidia. Wiki zilipita bila mtu kupiga hodi ila wanaouliza njia. Bi Zuhura akamwambia mwenye nyumba kwamba mwisho wa mwezi atamrudishia chumba chake. Mimi aliniambia huku anafuta kabati, hakugeuka. Nilikuwa na watoto skuli na sikujua kazi nyingine yoyote duniani. Yeye hakujaliwa mtoto. Alijaliwa studio ile.

Hapo ndipo ilipokuja kazi ya hoteli moja ya Nyali. Meneja wake, Bwana Mutua, mtu wa bara mwenye sauti ya chini, alikuwa akikarabati jengo zima na alitaka picha za wanyama na mandhari kwa kila ghorofa. Alisema amechoka na simba wale wale ambao kila hoteli ya pwani imewatundika. Alitaka wanyama wa huku kwetu: Shimba, Tsavo, vilima vya Taita. Ila kwanza aone picha moja kubwa ya ukuta wa mapokezi. Mpiga picha mmoja wa Nairobi naye ameambiwa alete yake. Itakayochaguliwa, mwenyewe ndiye atakayepewa kazi yote, na ilikuwa kazi ya kutuweka mjini miaka. Bi Zuhura hakumwambia mwenye nyumba kitu. Alisema mwisho wa mwezi haujafika.

Nilichagua palahala, swala mkubwa wa huku kwetu. Dume la palahala ni jeusi tititi, pembe ndefu zimepinda kwenda nyuma, na katika Kenya nzima makao yake ni Shimba. Mnyama wa jirani kabisa, ukitoka Likoni hujachoka umefika, na bado wengi wa Mombasa hawajamwona. Tukakodi lenzi ndefu ya milimita mia sita, tukaiita Bomba, maana ilikuwa kama kipande cha bomba la maji na uzito wake ndio huo. Bi Zuhura alinishonea kifuko cha khanga, akakijaza pojo, zile ndengu kavu, niweke dirishani mwa gari nilaze lenzi juu yake isitikisike. Kifuko hicho shoneni na nyinyi. Mkiwa na njaa njiani mtazipika.

Dereva wangu alikuwa Katana, mtu wa Kisauni aliyezoea kuwapeleka wageni mbugani. Nilimpa masharti mawili. Ukisimama, zima injini, kwa sababu mtetemo wake unaharibu picha. Na usiwashe kiyoyozi, kwa sababu lenzi iliyopoa ikitolewa kwenye joto letu inatoka jasho na unabaki kufuta kioo mnyama akikuaga. Katana akalalamika kwamba kumbe amekuja kupikwa, lakini alitii. Tulimpata dume upande wa pili wa bonde, nikalaza Bomba juu ya pojo, nikapiga. Kope zake zilionekana moja moja. Unyevu wa pua ulionekana. Wallahi nilirudi Magongo naimba.

Bwana Mutua alizitandaza picha mezani kwake, akazisifu, akarudia kuzisifu, kisha akauliza huyu mnyama yuko wapi. Nikamwambia yuko Shimba.

"Hilo umeniambia wewe," akasema. "Picha haijaniambia."

Akaeleza kwa upole kwamba mgeni akimwona atadhani amefugwa mahali, popote, hata Ulaya. Akaniongezea muda hadi Ijumaa ya wiki iliyofuata, siku ambayo yule wa Nairobi naye angeleta yake. Nilitoka nimekunja uso. Kutoka Nyali mpaka Magongo nilimsema kimoyomoyo yule mzee wa watu kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Hasira zilipopoa nikazipanga zile picha juu ya kaunta na kuziangalia kando, si katikati. Kando hakukuwa na kitu. Nyuma ya palahala palikuwa na kijani kilichofifia, basi. Kilima hakipo, nyasi hazipo, msitu haupo. Nikacheka peke yangu, kicheko cha uchungu. Nilikuwa nimempiga bi harusi. Nimekwenda Shimba nzima na wageni wote nimewatoa ukumbini, kwa ustadi mkubwa, na kule hakuna hata mmoja aliyeomba asionekane. Kosa lile asingeweza kulifanya mtu mwingine isipokuwa mwanafunzi wa Bi Zuhura.

Nilimwambia nitarudi na Skuli. Bi Zuhura akavua miwani. Alisema Skuli inamgeuza ng'ombe kuwa inzi, na hilo ni kweli, nawatahadharisha na nyinyi: lenzi pana inakusanya dunia yote, lakini kila kilicho mbali inakipeleka mbali zaidi, na mnyama usipokuwa karibu naye sana utarudi na nukta nyeusi. Akasema basi nibebe zote, Skuli na Bomba, nikikosa kwa hii nipate kwa ile. Hapo nikamkatalia, na ilikuwa mara ya kwanza tangu anipe kitambaa. Kamera ni moja. Kubadilisha lenzi kwenye vumbi, mnyama amesimama, ni kumruhusu aende. Na kubwa zaidi, nilijijua. Bomba likiwa mkobani, mkono wangu utalifuata, kwa kuwa mkono wangu umezoea kuvuta na kukata. Nikachukua Skuli, nikachukua na Harusi iwe akiba Skuli ikiharibika, Bomba nikaliacha kabatini na balbu yake.

"Ukirudi na nyasi tupu, mwanangu," Bi Zuhura akasema, "tumekwisha."

"Najua, Bi Zuhura."

"Haya. Nenda."

Kuna kitu kimoja cha harusini nilichokibeba, nacho ndicho kilichoniokoa. Mpiga picha wa harusi hamfukuzi bi harusi. Anauliza atapita wapi, anatangulia, anakaa hapo hapo hata kama vyakula vinapita. Nikamuuliza Katana palahala asubuhi hupita wapi akiwa na raha zake. Akafikiri, akasema kuna mgongo wa kilima wenye nyasi fupi, hupanda kutoka msituni kuja kuota jua, na siku ya uwazi ukisimama pale unaiona bahari. Nikamwambia twende tukae hapo. Aliponiona nafunga lenzi fupi akauliza ile ndefu iko wapi. Nikamwambia iko Magongo. Alinitazama kama niliyemwambia gari halina breki.

Asubuhi ya kwanza ukungu ulishuka ukakaa, hatukuona hata boneti. Katana alitaka tuzunguke tutafute, kama wageni wake wanavyopenda. Nikakataa. Magari mawili yalipita mbio, yakarudi mbio, madereva wakamwambia kuna tembo kule chini. Nikakataa.  Tulirudi mikono mitupu, na ilikuwa Jumatano. Sikumpigia simu Bi Zuhura.

Alhamisi tukafika mapema zaidi, injini tukazima, vioo tukashusha, nikalala upande wa nyuma wa gari ili kamera iwe chini kadiri dirisha linavyoruhusu. Nilitaka pembe zipande juu ya vilima, zisizame ndani yake. Ukungu ulikuwepo bado. Ukaanza kupasuka, na majike yakatokea, ya rangi ya kahawia, na watoto wao katikati. Wakapita mbele yetu wakila, bila wasiwasi, kwa kuwa tulikuwepo pale kabla yao na hatukuwafuata. Mwisho kabisa likaja dume. Lilipanda polepole likasimama karibu kiasi kwamba nililisikia likitafuna.

Nikaangalia kandokando ya picha, kama nilivyofanya maisha yangu yote, ila safari hii nahesabu waliomo. Nyasi zenye umande, zimo. Msitu, umo. Vilima vinavyoshuka kuelekea Kwale, vimo. Bahari haikuwepo. Pale ilipotakiwa kuwa palikuwa peupe kwa ukungu. Katana akaninong'oneza kwa uchungu, dada, piga. Kidole kilikuwa pale. Nilijua dume likigeuka tu, studio imefungwa. Nilijua pia nikipiga sasa, Bwana Mutua ataniuliza lile swali lake. Nikangoja. Dume likainua kichwa. Ukungu ukasogea kando, na nyuma ya pembe zile, mbali kule chini, mstari wa bahari ukang'aa toka upande mmoja hadi wa pili. Nikapiga. Nikapiga tena. Mara ya tatu lilikuwa limeshageuka, nami nilikuwa nalia na kucheka, na Katana anapiga usukani kwa viganja vyake.

Sasa jibu lenu. Mkienda Tsavo, kabla hamjafungua kabati, semeni kwa maneno mnataka anayeitazama picha ajue nini. Mkitaka aone kope za mnyama, bebeni ndefu, na pojo. Mkitaka ajue mnyama huyo anaishi wapi, bebeni pana, na mjifunze kukaa. Ya kati, ile Harusi, ni ya tembo waliosogea karibu, na ya siku za mvua mwanga ukiwa hafifu. Na ile mnayoipenda kuliko zote, iacheni studio angalau safari moja.

Ijumaa nilikwenda Nyali peke yangu. Bi Zuhura alikataa kuja. Picha alikuwa ameiona, akaitazama muda mrefu, akasema Mungu amenipa, lakini akasema pia kwamba wa Nairobi ni wa Nairobi na yeye hataki kuaibishwa mwisho wa mwezi na vitu vimejaa barazani. Alikuwa ameshaita fundi aje kushusha kibao cha studio. Nikaibeba picha imeviringwa ndani ya khanga, kubwa hata meza ya Bwana Mutua haikuitosha, tukaitandaza sakafuni pale mapokezi.

Alisimama juu yake. Akarudi nyuma, akarudi tena mpaka akagusa mlango. Wasichana wa mapokezi waliacha kazi wakaja kutazama. 

"Ile pale nyuma ni bahari," hatimaye akasema.

"Ni bahari."

"Hii hii yetu."

"Hii hii, Bwana Mutua. Sisi tuko huku chini."

Akaitazama tena. Picha ya yule wa Nairobi ilikuwa imeegemezwa ukutani, simba mzuri sana, naye akamwomba msichana mmoja aipeleke ofisini. Kisha akaniuliza Tsavo tunakwenda lini.

Nilitoka hadi penye ngazi za nje, nikampigia Bi Zuhura. Nilisikia nyundo upande wake. Nikamuuliza nani anagonga. Akasema ni fundi, yuko juu ya ngazi, kibao kimebakia msumari mmoja.

"Mwambie asimame," nikasema. "Mutua anauliza Tsavo tunakwenda lini."

 Nilimsikia akivuta pumzi, akivuta tena, na nilipodhani simu imekatika, akaanza kusema, lakini si na mimi.

"Fundi. Kirudishe, baba. Na ukipigilie misumari mirefu kuliko ile."